Kamba ya Kwenye Boriti

Mshona magunia hakuwahi kulitaja neno nyoka ndani ya ghala. Marehemu mkewe, aliyekuwa akifagia humo, alikataza: ukimtaja anasikia, anakuja. "Sema kamba," alimwambia. Basi yule mweusi wa kwenye boriti, mla panya asiye na sumu, akaitwa Kamba, na kila asubuhi mama huyo alimsalimu yeye kabla ya mumewe.

Mama aliwajua wote. Chatu kule bwawani na panya buku wake, ukukwi wa kijani kwenye ua akivizia vyura, swila kwenye kichuguu. Kila mmoja na kituo chake. Kama makarani, mumewe alisema, ila hawa kazini wanafika. Wakacheka. Halafu mama akaugua, wakubwa wa ghala wakasema dawa ziko njiani, na mpaka anazikwa zilikuwa njiani bado.

Sasa wakubwa hao hao wametoa amri: nyoka wote wauawe.

Mchana ule vumbi la unga lilielea kwenye miale ya jua, ghala zima likawa kama liko chini ya maji. Juu kabisa Kamba alijinyoosha taratibu, mithili ya usingizi unaokuja. Ndipo msimamizi, waliyemwita Miwani, akaingia na watu wa marungu.

"Mzee, humu kuna nyoka?"

Ulimi ukamgomea. "Hamna. Kuna kamba tu, kwenye boriti."

Miwani akainua uso, vioo vimejaa unga. "Kamba nzuri hiyo, mnaificha ya nini? Ishushe, tufungie turubai."

"Itakatika, bosi."

"Ishushe, mzee, usinichoshe."

Akapanda ngazi, magoti yakilalamika. Miaka yote alimtazama tu, hakuwahi kumgusa. Kamba alikuwa mkavu, baridi kidogo, laini kama mkanda wa ngozi uliovaliwa sana. Akamtambalia mkononi, akaingia shatini, akajizungusha kiunoni. Mzee akafumba macho pale juu. Ilikuwa siku nyingi hajakumbatiwa.

"Vipi huko?"

"Imeoza, bosi. Imebaki vumbi."

"Kama wewe," mmoja alisema, wakaangua kicheko, wakaenda ghala la pili.

Mzee akatoka getini kajishika tumbo.

Nyumbani aliketi kitandani, akafungua vifungo, akaonyesha dari kwa kidole. "Panya wapo," alisema. "Jisikie huru."

Kamba akachungulia, akaionja hewa kwa ulimi, upande wa ukutani, alikokuwa akilala mama. Kisha akarudi ndani ya shati.