Saa Kumi na Dakika Saba

Mume ndiye aliyechora nakshi kwenye kompyuta, mke ndiye aliyezidarizi kwa cherehani ya umeme iliyosoma michoro hiyo. Chumba cha mume, chenye kompyuta, kilipakana na chumba cha cherehani, na kutwa nzima walisemezana kupitia ukuta bila kuonana. Siku moja saa kumi alasiri mke aliuliza kuhusu rangi ya uzi, hakujibiwa. Alimkuta mumewe ameinama kitini, hana uhai. Kompyuta nayo ilikuwa imezimika, na tangu hapo haikuwaka tena.

Miezi minane mjane alidarizi michoro iliyokuwa tayari ndani ya cherehani. Kisha shule moja ikabadilisha beji ya sare zake, ikabidi afungue mlango wa chumba kile.

Fundi wa kompyuta, rafiki wa marehemu, alileta mashine mpya. Programu ya kuchorea ikagoma katakata. Ilikuwa ya kale, ilijua mfumo wa kale tu. Basi fundi akanakili kila kitu kutoka kwenye diski ya zamani, akauendesha mfumo ule ndani ya dirisha kwenye kioo cha mashine mpya.

"Shemeji, hapa mashine mpya inamdanganya huyu mzee," alimweleza. "Inamwambia bado yumo kwenye boksi lake lile lile, hajahama."

Dirisha lilipofunguka, saa ya pembeni ilionyesha saa kumi na dakika saba, tarehe ya siku ya msiba. Fundi akairekebisha, akafunga, akafungua: saa kumi na dakika saba. Alijaribu mara tatu, kisha akasema si neno, kazi itafanyika tu.

Kesho yake asubuhi mjane alianza beji. Alikwenda kuchemsha chai, na aliporudi na kikombe mkononi alikuta mchoro mwingine umefunguka juu ya wake. Kishale kilikuwa kikitembea polepole, kikiweka mshono mmoja mmoja. Kila kilipofika kwenye kona kilisita, kikatetemeka kidogo, ndipo kikageuka. Mkono wa mumewe ulikuwa hivyo hivyo.

Alichomoa waya wa kipanya. Kishale kikaendelea.

Alimpigia fundi, naye akaja mbio. Alikagua nyaya, akahakikisha mashine haijaunganishwa na mtandao wowote, kisha akasimama nyuma ya kiti akitazama. Hakukikalia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba anaweza kufuta kila kitu sasa hivi.

"Mwache amalize," mjane akasema.

Mchoro ulikamilika saa sita mchana. Kwa saa ya dirishani ilikuwa imepita saa moja jioni, jioni ambayo marehemu hakuiona. Mjane aliupeleka kwenye cherehani, akatandika kitambaa cheupe kwenye fremu. Sindano ilibadilisha uzi mara sita. Wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa amefika kumjulia hali, ndiye aliyekitoa kitambaa kwenye fremu.

Kilichodariziwa kilikuwa chumba kile, kama kinavyoonekana na aliyekaa kitini: rafu, vibunda vya uzi, mlango, dirisha lenye mapazia ya mistari ya manjano.

Wifi alikunja uso. "Haya mapazia tulinunua mimi na wewe. Baada ya mazishi, kabla hujakifunga chumba."

Mjane aliinamia kitambaa. Alikuwa akitazama mlangoni mwa mchoro, ambapo alisimama mwanamke mwenye kikombe mkononi, amefungua mdomo kidogo kama anayetaka kuuliza jambo.

Wifi alitaka mashine iondolewe siku hiyo hiyo. Fundi alikuwa tayari. Mjane aliwasikiliza wote wawili, akasema beji za shule zinangojewa, na mfumo mwingine wa kuzitoa hana. Woga alikuwa nao, hakuuficha. Alikikunja kitambaa kile, picha ikiwa ndani. Lakini miezi minane alikuwa ameongea na ukuta usiojibu, na hilo nalo lilikuwa limemchosha.

Beji zilitoka vizuri, na shule ikaleta kazi nyingine. Kiti amekiacha mahali pake. Yeye huchora akiwa ameketi kwenye kigoda pembeni. Kila asubuhi, kabla ya kuingia, hubisha hodi na kusubiri kidogo. Mwanzoni wifi yake alimcheka. Siku hizi akija, naye hubisha.