Miezi Sita Mfululizo

Mildred Aluoch aliamka macho yamevimba, yanauma kama yaliyopakwa pilipili. Alikata kiazi kibichi, akaweka vipande viwili juu ya kope, akalala chali tena katika chumba chake cha mabati, Soweto West, Kibera. Kazi ya kuchomelea vyuma huyafanya macho hivyo ukikosa kinga ya uso. Pale karakanani, Kawangware 56, kinga ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya Wakoli, fundi pekee aliyelipwa. Wanafunzi walipewa miwani ya jua.

Karakana ilikuwa ya Nicanor. Chuo cha ufundi alikosoma Mildred kilikuwa na mkataba naye: chuo kinaleta wanafunzi, yeye anawafunza kazi miezi sita, kisha anawatilia sahihi wapate vyeti. Mpango huo uliitwa ushirikiano, na Mwalimu Khamala, mkuu wa chuo, alilitamka neno hilo kama mtu anayemung'unya peremende. Yote ya kufunzwa Mildred aliyajua kufikia wiki ya tatu. Miezi iliyobaki alitengeneza mageti, Nicanor akayauza.

Mwezi wake wa mwisho uliangukia Januari 2008. Matokeo ya kura za urais yalikuwa yametangazwa na Kibera ilikuwa inawaka kwa ghasia. Siku kumi na moja Mildred hakuweza kutoka. Barabara zilikuwa zimezibwa kwa mawe na matairi, na huko mbele jina la Kiluo kama Aluoch peke yake lilitosha kumfanya mtu apigwe. Siku ya kumi na mbili alitembea kwa miguu hadi kazini, akampa Nicanor kitabu cha mahudhurio atie sahihi.

"Hii ni nini?" Nicanor aliuliza, kidole kikiwa kwenye nafasi tupu.

"Boss, kwetu kulikuwa kunachomeka. Si uliona kwa TV?"

"Mimi nilikuwa hapa. Mkataba unasema miezi sita mfululizo. Umekatiza, unaanza upya."

"Miezi sita yote?"

"Sasa unalia nini, na unafunzwa bure?"

Nyuma yake milango ya chuma ilikuwa imepangwa hadi ukingoni mwa barabara. Kila mwenye duka aliyeporwa alitaka mlango kama huo, na kila aliyeogopa kuporwa pia. Tangu afungue karakana, Nicanor hakuwahi kupata kazi nyingi hivyo.

Mildred alikwenda kwa Khamala. Dirisha la ofisi lilikuwa na grili mpya ya vyuma. Aliitambua, aliichomelea mwenyewe mwezi wa Novemba.

"Mwalimu, huyo mtu anatutumia tu."

Khamala alivua miwani, akaipangusa polepole. "Aluoch, waajiri ni wachache. Nikimuudhi huyu, wenzako nitawapeleka wapi? Vumilia. Na Ijumaa wafadhili wanakuja kuona ushirikiano wetu. Uje msafi."

Bila cheti, karakana tatu zilikuwa tayari zimemcheka mlangoni. Msichana, tena bila karatasi! Basi akarudi kwa Nicanor. Wanafunzi wapya sita walikuwa wamefika, na Nicanor akamwachia Mildred awafunze, yeye akienda kupima milango ya wateja.

Ijumaa wageni walikuja na kamera. Wanafunzi wote wakapewa ovaroli za buluu zilizonukia duka. Nicanor alihutubia. "Hawa ni watoto wangu," alisema, akakohoa kidogo kama aliyeshikwa na uchungu. Wageni wakapiga makofi.

Kisha Khamala akaita jina la Mildred, wa kwanza kabisa, akamkabidhi cheti.

Moyo ulimruka. Aliwaza labda Mwalimu alikuwa amempigania kimyakimya. Alikishika kwa mikono miwili, kamera zikamulika, na ndipo alipokisoma. Pale penye jina palikuwa na mstari wa nukta tupu.

"Mwalimu, jina langu halimo."

"Hicho ni cha picha tu," Khamala alinong'ona, meno yote yakiwa nje kwa ajili ya wageni, huku akikivuta kutoka mikononi mwake.

Kidole cha Mildred kilikuwa kimeacha alama ya grisi pembeni. Khamala aliitazama kwa kinyaa, akaifuta kwa leso, akakinyoosha cheti mbele ya kamera.

"Anayefuata!"