Mkia wa Kwanza

Mama mkwe wangu, Odile, alikuwa na siku ya nne bila kutia kitu tumboni ila chai. Muuguzi anayekuja nyumbani aliniambia wazi: asipokula kufikia Jumamosi, atapelekwa hospitali ya mjini. Odile ana miaka tisini na mmoja, na ameapa kufia kitandani kwake. Nilimnunulia sangara dukani, wale wadogo wa njano wa maji baridi. Alinusa sahani, akageukia ukutani.

"Hawa wamekuja na ndege," akasema. "Nataka wa hapo nje."

Hapo nje ni ghuba, na ghuba ilikuwa imeganda, barafu ina unene wa dhiraa nzima. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Mimi katika familia ile ni mpishi tu. Miaka thelathini nimekaanga sangara walioletwa na wengine. Kwao, aliyevua ndiye hupewa mkia wa kwanza kutoka kikaangoni, ule uliokauka mpaka unalia mdomoni. Odile mwenyewe ndiye aliyeugawa, na uliwaendea wanawe, Lambert na marehemu mume wangu Wendell. Sikuwahi kuuonja wala kuudai.

Nikampigia simu shemeji Lambert. Akaja na kekee ya kutobolea barafu, goti bovu na mdomo usiolala.

Alitoboa mashimo manane, kuanzia karibu na ufuko hadi kwenye ile miti ya Krismasi iliyokwisha kazi, ambayo watu huisimika kuonyesha njia juu ya barafu. Nikakalia ndoo kwenye shimo la kwanza, nikashusha mshipi, nikatulia. Subira huvuta heri, nilijiambia. Saa nzima ikapita, na nusu ya pili, vidole vikafa ganzi.

"Shem," Lambert akaita, "umeolewa na hilo shimo?"

"Nasubiri."

"Subira ni ya kupikia maharage. Sangara ni wazururaji. Dakika tano hawajagusa, hama. Kwani Mama hakukufundisha?"

"Mama hakunifundisha chochote ila kupunguza chumvi."

Alicheka mpaka akashika goti. "Halafu umening'iniza tu kama nguo za kuanika. Gonga tope. Acha chubwi la mshipi lipige chini, tope litimke, wadhani kuna chakula."

Nikahama. Shimo la pili, kimya. La tatu na la nne, kimya vilevile. Nilikuwa nimeshaanza kumwona Odile kwenye machela, anaitazama nyumba yake ikibaki nyuma, na sioni aibu kusema kwamba nililia, machozi yakaganda kwenye kope. Kwenye shimo la tano niligonga tope mara tatu, nikainua kidogo. Mshipi ukatikisika. Nikatoa kisamaki cha urefu wa kiganja, ubavu wa njano wenye michirizi ya kijani.

"Mtoe jicho," Lambert akasema.

"Nimtoe nini?"

"Jicho. Litie kwenye ndoana. Wanapenda kulana macho, kama ukoo wetu."

Nikafumba langu, nikatoa lake. Kabla ya adhuhuri tulikuwa nao kumi na wanne. Nilimshukuru Mungu pale pale, nikamshukuru Lambert, na hata yule mdogo aliyenipa jicho.

Niliwapasua, nikaacha mikia, nikawakaanga kwa siagi. Odile alinusa sahani kwa muda mrefu. Akaukata mkia wa yule wa kwanza, akauweka pembeni, akala samaki akamaliza. Akala wa pili, akasema chumvi imezidi. Lambert alisimama mlangoni ameshika kofia. Mimi nilitazama taya lile likitafuna na moyo ukanitulia.

Kisha Odile akauokota ule mkia. Kwa mazoea, Lambert akanyoosha mkono.

"Ngoja wewe," mama yake akasema. "Lete huo mkono, Marlys."

Nikampa. Akavinusa vidole kimoja kimoja. Bado vilikuwa vinanuka tope la ghuba.

"Aliwavua huyu," akamwambia Lambert, akaniwekea mkia kiganjani. "Kula, mwanangu."

Miaka thelathini alikuwa akiniita Marlys tu. Nikautafuna mkia ukalia mdomoni, nami nikashukuru kwamba alikataa samaki wa dukani.