Kazi ya Maji

"Vuta kwako," alisema Mama Pasi, mwenzake kazini, na binti akavuta. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Linataka wawili, mmoja huku na mmoja kule, wasogeleane pembe kwa pembe bila kuambizana. Joto la mashine za kukaushia lilikuwa likiwapiga mgongoni simu ilipotetemeka mfukoni mwa aproni.

"Ni baba," binti alisema baada ya kuchungulia.

"Basi nenda. Baba hasubirishwi." Mama Pasi akaichukua ncha ya pili ya shuka, akaanza kuhangaika nalo peke yake kama mtu anayekunja upepo.

Binti akafanya alivyozoea. Alivua aproni, akajifuta jasho, akasimama mbele ya ukuta mweupe nyuma ya makabati, mahali pasipoonekana shuka wala mashine. Kwa miezi tisa baba yake aliujua ukuta huo. Aliuita ofisi.

Binti mwenyewe hakuwahi kusema ofisi, tumtendee haki. Alipomaliza shahada ya uhandisi wa maji, nchi ile ilimpa kibali cha mwaka mmoja. Atafute kazi inayolingana na alichosomea. Akiikosa, afunge mzigo. Wakati akitafuta, ajikimu kwa kibarua chochote. Akaomba kila mahali. Makampuni yakamwambia, lete kwanza kibali cha muda mrefu. Idara ya vibali ikamwambia, lete kwanza barua ya kampuni. Kuku akadai yai, yai likadai kuku, na tumbo halisubiri wamalize kubishana. Akaingia kufua mashuka ya hoteli.

Jioni ya siku ya kwanza alimpigia baba yake. "Nimepata kazi ya maji," alisema, akitaka wacheke kwanza ndipo aeleze. Lakini baba, fundi baiskeli ambaye ukoo wake mzima haukuwa umewahi kuvaa joho, alikwisha kuwageukia wateja wake: "Mnasikia? Kazi ya maji." Maji yakishamwagika hayazoleki. Binti akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikokuwa uongo.

"Mhandisi," baba aliita sasa, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hatukucheleweshi kazini?"

"Hapana, baba."

"Nipo na jirani hapa. Ana neno."

Kwenye kioo ukatokea uso wa fundi cherehani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Ndiye aliyemshonea binti sketi ya safari akakataa kulipwa. Alikesha nayo, na asubuhi akasema ilikuwa kazi ndogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda, au ni simu ya baba yako?"

"Simu yangu haikondeshi mtu," baba alidakia.

Fundi cherehani akacheka, kisha akasogea karibu. "Mwanangu, nina swali la kijinga. Mdogo wangu wa mwisho amepata chuo hukohuko. Ili nimlipie ada nauza vyerehani vyangu viwili, na mnunuzi yuko hapo nje anakunywa maji. Nataka kujua jambo moja tu. Akishamaliza, kazi ipo? Wewe hii ya maji uliipataje?"

Binti alitazama chini. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa sabuni kama ya mzee. Angeweza kusema Mungu ni mwema, mama, tuma tu. Watu husema hivyo.

"Mama, kazi yangu ya maji ni ya kufua. Nafua mashuka ya hoteli."

Sauti ya baba ikaja haraka: "Mtandao mbaya leo. Hatukusikii, mwanangu. Piga baadaye."

Baba alisikia vizuri sana. Alikuwa akimfungulia mlango wa uani atoke bila kuonekana, na kwa wema ule binti aliona uso unamwaka kuliko kwa aibu yenyewe.

"Mmenisikia, baba," alisema. Akageuza kamera. Yakaonekana mashuka, matoroli, na Mama Pasi aliyejitanda shuka kichwani akijaribu kupata pembe.

Fundi cherehani aliusogeza uso karibu na simu. "Hayo mapindo," alisema, "ni ya sindano mbili. Yameshonwa na mtu anayejua kazi."

Binti akamweleza yote: kibali cha mwaka, barua, siku ishirini na sita zilizobaki. Akamweleza pia kwamba mwenzake mmoja alipata kazi halisi, kwa sababu chuo chake kilimpeleka kiwandani kabla hajahitimu, wakamzoea.

"Waulizeni wa chuo hicho jambo hilo kabla ya kutuma pesa yoyote. Simkatazi, mama. Ila mimi nilinyamaza, na wewe ungeuza vyerehani kwa kunyamaza kwangu."

"Nimekusikia, mwanangu. Pakaa mafuta hiyo mikono." Fundi cherehani akageuka kando. "Mwambieni huyo bwana leo siuzi. Aje wiki ijayo, tutazungumza."

Akaondoka. Baba hakukata simu. Aliilaza kifudifudi mezani, kioo kikawa cheusi, ila sauti za karakana zikaendelea kuja: spana, kengele ya baiskeli, mtu akivuta kiti.

"Haya, mhandisi wetu anasemaje huko ofisini?" mteja mmoja aliuliza.

Baba akakohoa mara mbili, kama afanyavyo akitaka kusema jambo mbele za watu. Nyuma ya binti mashine kubwa ikaanza kukamua, sakafu ikatetemeka. Akaziba sikio moja kwa kiganja, akaikandamiza simu kwenye lile jingine, akafumba macho.