Vifungo vya Sare

Kwenye wodi ile, kugeuza mgonjwa ni kazi ya watu wawili. Mmoja husimama upande huu wa kitanda na mwingine upande ule, wanashika shuka iliyokunjwa chini ya mgonjwa, wanahesabu pamoja, kisha wanavuta. Mkiinama hivyo mnaonana uso kwa uso, na tumbo la mwenzako huwezi kukosa kuliona. Ndiyo maana msaidizi wetu huyu wa wauguzi, aliyekuwa na mimba ambayo hakuna binadamu aliyeambiwa, alianza kupenda kufanya kazi peke yake.

"Nenda upande wa pili wa wodi, shoga yangu," alimwambia mwenzake wa zamu. "Huku nitamaliza mwenyewe."

Mwenzake, ambaye wodi nzima ilimwita Redio kwa kuwa hakujaliwa kitufe cha kuzimia, hakusubiri kuambiwa mara mbili. Nani anakataa kupunguziwa mzigo?

Mtauliza kwa nini alificha. Wasaidizi pale walikuwa vibarua. Mmoja akishika mimba huambiwa kwa upole, "Kapumzike, ukijifungua tutaona," na hiyo tutaona haijawahi kumrudisha mtu. Lakini si njaa iliyomtisha. Kilichomtisha ni chumba chake. Baba wa mtoto alishaingia mitini, simu yake haipatikani, na mama yake mzazi alikuwa ametangulia mbele ya haki. Chumbani mlikuwa na kitanda, jiko, na ukuta ambao nyuma yake majirani walicheka na watu wao. Wodini angalau aliitwa. Hata kama ni kuombwa beseni, aliitwa, akaitika.

Mgonjwa mzito kuliko wote alikuwa mama mmoja mshonaji, aliyepooza upande mmoja wa mwili. Walimwita Fundi. Mtu wa kumtazama hakuwa naye. Saa ya wageni ikifika, vigoda vya wenzake vilipata wakaliaji, chake kikabaki kitupu, naye alifumba macho akajifanya amelala. Msaidizi aliujua usingizi ule wa uongo, kwa sababu na yeye aliulala kila siku ya mapumziko.

Sasa, mshonaji hapoozi macho. Siku moja akilishwa supu na msaidizi, Fundi aliona vifungo vya sare vimesogezwa hadi ukingoni kabisa, vimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, tena mshono wenyewe ovyo, wa mtu aliyeshona kwa wasiwasi. Akameza supu yake, akaomba kijiko kingine.

Kuanzia hapo, msaidizi akija kumgeuza, Fundi alisema, "Redio ameshanigeuza, mwanangu. Nenda zako." Redio akipita, alisema, "Mwenzio ameshamaliza." Wasichana wote wawili wakafurahi na kwenda zao, na yeye akabaki amelalia ubavu uleule, amejikaza kisabuni.

Asubuhi moja msaidizi alikuja na beseni la maji ya kumwogesha. Alipofunua shuka, aliona ngozi ya nyonga imechubuka, nyekundu, imeanza kutoa maji.

"Mama! Hiki nini? Si unasema Redio anakugeuza?"

"Punguza sauti," Fundi alisema. "Ulitaka nikutoe mimba kwa huu mwili wangu? Ulidhani sioni vifungo?"

Kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyejua, amejua muda wote huo, na alikuwa akimlipia kwa nyama yake.

"Kausha," Fundi aliendelea. "Kidonda kitapona. Wewe ukitoka hapa utakwenda wapi? Mimi najua kukaa peke yangu. Wewe usijifunze mapema."

Msaidizi alikiangalia kile kidonda. Aliwahi kuona vya aina hiyo vikichimba hadi mfupani. Kumvuta peke yake hakuthubutu tena, na akimwita Redio, ataonekana. Alisimama pale na kitambaa kinachodondosha maji, anakiona chumba chake, anausikia ukuta wake. Alitamani kulia. Kisha akapiga moyo konde, akaita kwa sauti ambayo hata wagonjwa wa dirishani waligeuka.

"Redio! Njoo tumgeuze wawili. Ana kidonda. Na tuvute taratibu, mimi nina mimba."

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Redio hakuwa na la kusema. Alikuja, akashika shuka, wakahesabu, wakavuta. Fundi alifumba macho, na safari hii hakuwa anajifanya amelala.

Sista mkuu alisikia, angeachaje? Alimwita pembeni, akamshika bega. Hakuwa mtu mbaya. "Kapumzike, mama," alisema. "Ukijifungua tutaona."

Siku iliyofuata, saa ya wageni, msaidizi aliingia kwa mlango wa mbele amevaa gauni pana. Alikaa kwenye kigoda cha Fundi na kugundua kwamba mguu mmoja wa kigoda ulikuwa mfupi. Miaka yote hiyo hakulijua hilo.

"Gauni hilo limekupwaya mabegani," Fundi alisema, macho yanamlengalenga. "Lete nikuelekeze kulipunguza."

Hawakuzungumza mengi. Redio alikuja na msaidizi mpya, wakavuta pazia kuzunguka kitanda. Msaidizi wetu aliinuka mwenyewe bila kufikiri, akaikamata shuka pale pale alipozoea kuikamata.

"Achia, shoga yangu," Redio alisema taratibu. "Wewe sasa ni mgeni. Utusubiri nje."

Akaachia. Alisimama nje ya pazia na mikono isiyo na kazi, akawasikiliza wakihesabu bila yeye. Alimsikia Fundi akiguna, kitanda kikilia, shuka ikinyooshwa. Miguu ya kigoda ikakwaruza sakafu, mtu anakisogeza.

"Kiacheni hapo hapo," sauti ya Fundi ilisema. "Kina mwenyewe."