Linki za Ijumaa za Marehemu

Siku ya sabini na tisa ya eda, Mahbuba aliugusa tena ule uvimbe wa kwapani. Mgumu, hauumi. Hakumwambia mtu. Mjane hatoki, ndivyo alivyolelewa, na hospitali ni kutoka. Atangoja eda iishe.

Mumewe Abdulrazak, fundi wa maabara aliyejisomesha mwenyewe, alikuwa na grupu la simu lenye watu mia mbili: wanafunzi wa mtaa wa Al Khoudh, mafundi wa mtaa wa Ghala, watumishi wa majumbani. Kila Ijumaa baada ya sala akiwatumia linki za makala za sayansi zilizo wazi na zana za bure za mtandaoni. Mwaka themanini na tatu mlinzi wa maktaba alimtoa nje kwa kukosa kadi, naye hakuisahau hata rangi ya viatu vya mlinzi yule. "Utafiti umelipiwa kwa jasho la watu," akisema, "halafu wanautia kufuli! Wezi hao."

Alizikwa. Simu yake ikazimwa, ikawekwa kabatini. Ijumaa iliyofuata, linki zikaja kwa namba yake, na kila Ijumaa tangu hapo.

"Alizipanga kabla, Mama," alisema mwanawe Talal. "Kuna programu za kupanga ujumbe."

"Na Bupe je?"

Bupe, mtumishi wa nyumba ya jirani, Ijumaa iliyopita aliuliza grupuni namna ya kupima chumvi ya maji ya kisima. Linki ilimjia kabla hajaiweka simu chini. Kutoka namba ya maiti.

"Basi kuna mtu kaiba namba. Nnakwenda kuifungisha leo. Watu wanatucheka, eti Baba kaburini ana mtandao kuliko sie."

"Haya, mwanangu."

Talal akatoka kuwasha gari. Adhuhuri nyeupe, kiyoyozi kinanguruma. Simu ya Mahbuba ikalia. Namba ya marehemu. Si grupuni; kwake peke yake. Makala isiyo na kufuli: uvimbe wa kwapa usiouma. Chini yake, fatwa: mwenye eda huruhusiwa kutoka kwa matibabu.

Hakuwa ameuliza. Hakuwa ameandika popote. Akafungua kabati. Simu ya marehemu ilikuwa imezimwa, imeshika vumbi.

Akajitanda, akatoka mbiombio. "Talal! Usifungishe kitu. Nipeleke hospitali."

"Mama, eda!"

"Nna uvimbe. Washa gari, we mtoto!"

Ndani ya gari akaiandikia namba ya marehemu: "Nnakwenda."

Alama mbili zikageuka buluu papo hapo. Na chini ya jina la Abdulrazak kukatokea neno "anaandika", likakaa hapo njia nzima.