Ubao wa Ryohei

"Na moto wa kumpokea atauwasha nani?" mama mkwe alikuwa akiuliza tena nilipoingia na tambi baridi juu ya barafu. "Mtoto anarudi nyumbani Bon yake ya kwanza tangu afe, akute mlango umefungwa?"

Mume wangu, Yasuhiro, hakuinua macho kwenye ramani ya bahari. Alisema kiwanda kinawapa likizo wiki ya Bon tu, wafu wanaporudi makwao na kuwashiwa moto mlangoni, na kimbunga kilichokuwa kusini kingesukuma mawimbi mazuri ya kupanda kwa ubao hadi Minase wiki hiyo hiyo. Ryohei, mwanetu, alitaka waende. Basi ataenda.

Hilo lilikuwa kweli. Safari hiyo waliipanga wawili hospitalini, Ryohei akiwa amelazwa. Minase ni kisiwa ambacho hata wapanda mawimbi wa pwani yetu wanakisikia tu: hakina mchanga, meli inatia nanga bahari ikikubali, na wimbi lake moja linapasukia juu ya mwamba. Nilijua wanajidanganya, nikawaacha. Ryohei alikufa Februari. Baba yake akaendelea kupanga.

Niligawa chakula huku nikimuuliza Yasuhiro ninayomuuliza siku zote. Boti ya kasi haibebi ubao mrefu. Ataenda na meli kubwa? Ndiyo. Tangu afanyiwe upasuaji wa goti hajapanda wimbi linalopita kiuno. La mwambani ataliweza? Ataliangalia kwanza. Nikasema basi tutakwenda wote, nitakaa juu ya mawe nimsubiri. Akasema chumba alichopata ni cha mtu mmoja.

Mama mkwe hakuwa amemaliza. Alimkumbusha anachoambiwa kila mtoto wa huku, kwamba siku za Bon baharini hakuingiwi, kwa sababu wafu wanaorudi huwavuta walio hai miguu.

"Hata wale wahuni wenzako wa mawimbini, wenye nywele za njano, hawaingii," alisema.

"Najua, Mama."

"Atakuvuta."

"Basi anivute," alisema Yasuhiro.

Alilisema kama mtu anayeomba apitishiwe chupa ya soya. Mama mkwe akacheka, akadhani anamkejeli. "Mzee mzima na goti la bandia, unataka kuvutwa na mtoto."

Mimi sikucheka.

"Baba Ryohei, tiketi ya kurudi umekata ya lini?"

"Nitaikata huko huko."

Hakuna mtu wa pwani hii asemaye hivyo. Wiki ya Bon meli zinajaa. Watu hukata ya kurudi kwanza, ndipo wakate ya kwenda. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo nilipoolewa huku.

"Umekata ya kwenda tu," nikasema.

Akakunja ramani. "Kula, barafu inayeyuka."

Ningeweza kumpigia simu kaka yake. Ningeweza kumrudisha kwa daktari, lakini tulishakwenda, akapewa vidonge vya huzuni, akashukuru vizuri sana, na vidonge viko kwenye droo havijaguswa. Maneno ya kumzuia sikuwa nayo. Hata ya kujizuia mwenyewe nisimfuate Ryohei sina.

Nilikwenda stoo nikachukua msumeno. Ubao wa Ryohei ulikuwa umeegeshwa uani, Yasuhiro alikouweka ili akaze mapezi yake ya chini. Ubao uliobaki ni huo tu. Wake aliuuza zamani, na Minase hakuna wa kukodisha. Juu yake kulikuwa bado na nta ya kuzuia miguu isiteleze, na pale miguu ya Ryohei ilipozoea kukaa ilikuwa imesagika, imekuwa ya kijivu. Nikaulaza juu ya makreti ya bia.

Mama mkwe akatoka bila viatu. Alisema nimerukwa na akili, hicho ni kitu cha mtoto, akija atakitafuta.

"Haji, Mama," nikamwambia. "Na huyu haendi."

Nikaanza katikati. Povu gumu la ndani linakatika kama mkate. Kazi iko kwenye ule ukanda wa mti unaopita katikati yake kwa urefu. Meno ya msumeno yakang'ang'ania, ubao ukateleza, nikauvuta, ukateleza tena. Yasuhiro akatokea mlangoni. Nilijua ataninyang'anya msumeno, nikashika mpini kwa nguvu zaidi.

Alisimama akiitazama ile nta. Kisha akainama taratibu kwa ajili ya goti, akakandamiza ncha ya pili ya ubao kwa mikono yote miwili ili usitikisike. Nilikata mpaka vipande vikaachana.